Nani Aliyempa Nguruwe Mafua?

Oktoba 2024, virusi vya mafua ya ndege aina ya H5N1 viligunduliwa kwa nguruwe wa shamba dogo la familia katika jimbo la Oregon, Marekani. Habari hiyo ilipofika kwenye makundi yetu ya WhatsApp ilikuwa imeshakatwa mikono na miguu. Kilichobaki kilikuwa sentensi moja: homa ya nguruwe imerudi, acheni kitimoto. Tangu hapo sentensi hiyo haijalala. Karantini ya nguruwe ikitangazwa katika wilaya yoyote hapa Tanzania, inatumwa upya kwa maneno yaleyale, mara nyingine na picha ya mizoga iliyopigwa mahali pengine kabisa. Wanaoisambaza hawana nia mbaya, wanataka ndugu zao wasiugue. Lakini ujumbe huo unachanganya magonjwa mawili yasiyo na undugu wowote, mafua ya nguruwe na homa ya nguruwe ya Afrika, na tena unamnyooshea kidole nguruwe kana kwamba mafua yana njia ya kuja tu, hayana ya kwenda.

Msimamo wangu ni huu. Mafua ya nguruwe ni ugonjwa tunaopeana na wanyama hawa, na kwa ushahidi uliopo, sisi tunawaambukiza wao mara nyingi sana, pengine kuliko wao wanavyotuambukiza sisi. Nguruwe akishaupokea anakaa nao, unabadilika ndani ya kundi lake, na siku moja anaturudishia ukiwa na sura ambayo miili yetu haiijui tena. Mtu akilielewa hilo hatahangaika na sahani ya nyama. Atahangaika na mlango wa banda, na nani anaingia hapo akiwa anakohoa.

Nianze na jina, maana hapo ndipo tulipopotea. Ugonjwa unaosababisha karantini zetu ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ni wa kwetu hasa: ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, katika ripoti ya Montgomery ya mwaka 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi. Virusi vyake huishi kwa ngiri bila kuwadhuru, hubebwa na kupe laini wa kwenye mashimo yao, na vikiingia kwenye banda huweza kuua karibu nguruwe wote waliomo ndani ya siku chache. Hauna tiba. Lakini haumwambukizi binadamu hata kidogo, ale nyama hiyo au achinje kwa mikono yake. Mafua ya nguruwe yako kinyume karibu kwa kila kitu. Nguruwe anapata homa, anagoma kula, anakohoa kikohozi kikavu kinachofanana na mbwa anayebweka kwa mbali, wenzake wanajilaza wakilaliana pembeni mwa banda, na baada ya wiki hivi wengi wanainuka na kurudi kwenye pumba kama kawaida. Vifo ni vichache. Ila hayo ndiyo yanayoweza kuvuka na kuingia kwa mtu. Kwa hiyo ugonjwa unaomliza mfugaji haumdhuru mlaji, na ule ambao mfugaji anaupuuza kwa sababu haumtii hasara kubwa ndio unaostahili macho ya watu wa afya. Yote mawili tunayaita homa ya nguruwe. Shirika la Afya Duniani liliacha kutumia jina la mafua ya nguruwe kwa ajili ya mlipuko wa mafua uliozunguka dunia mwaka 2009 tangu mwisho wa Aprili mwaka huohuo, likahamia H1N1, jina la aina ya virusi hivyo, lakini kwenye magazeti yetu jina la kwanza lilikuwa limeshaota mizizi.

Sasa tuulize hayo mafua yalifikaje kwa nguruwe. Vuli ya 1918, wakati janga kuu la mafua lilipokuwa linaua watu duniani kote, daktari wa mifugo mmoja wa Iowa, J. S. Koen, aliona nguruwe wakiugua ugonjwa uliofanana mno na ule uliokuwa umelaza watu kwenye nyumba zilezile. Akasema waziwazi kwamba ni ugonjwa mmoja. Wafanyabiashara wa nguruwe hawakufurahi. Miaka kama kumi na miwili baadaye, Richard Shope alifanikiwa kutenga virusi hivyo kutoka kwa nguruwe wa Iowa, na ni vizuri kukumbuka kwamba hiyo ilikuwa kabla ya watafiti wa London kutenga virusi vya mafua kutoka kwa binadamu mwaka 1933. Kwa maana nyingine, sayansi ilimfahamu nguruwe mgonjwa wa mafua kabla ya kumfahamu mtu mgonjwa wa mafua, na huenda hapo ndipo lilipoanzia lile wazo kwamba mwenye ugonjwa ni yeye. Wataalamu wengi leo wanaona kwamba mwaka 1918 sisi ndio tuliowaambukiza. Virusi vya 1918 viliendelea kubadilika kwa haraka miongoni mwa watu, kwa sababu kinga zetu zilikuwa zinavifukuza kila msimu. Kwa nguruwe, ambao huishi miezi michache tu kabla ya kuchinjwa na kuzaliwa wengine wasio na kinga, vilibadilika polepole zaidi. Vikakaa huko kama nguo ya zamani iliyofungiwa sandukuni.

Sanduku hilo lilifunguliwa mwaka 2009. Ili tuelewe lilivyofunguka, inabidi tujue kwamba virusi vya mafua vina vipande vinane vya vinasaba. Mfikirie fundi cherehani aliyekata mashati mawili ya wateja tofauti, kila moja vipande vinane, akaviacha vyote mezani. Asipokuwa makini, atashona shati lenye kola ya huyu na mikono ya yule. Seli moja ikivamiwa na aina mbili za mafua kwa wakati mmoja, jambo hilohilo hutokea, na kinachotoka ni virusi vipya. Seli za njia ya hewa za nguruwe zina vipokezi vinavyokubali mafua ya ndege na vinavyokubali mafua ya watu, hivyo meza yake hupata vitambaa vya pande zote. Virusi vya 2009 vilishonwa hivyo katika nguruwe wa Meksiko: vipande sita kutoka ukoo wa nguruwe wa Amerika Kaskazini, ambao nao tayari ulikuwa mchanganyiko wa mafua ya nguruwe, ndege na binadamu, na vipande viwili kutoka ukoo wa nguruwe wa Ulaya na Asia uliotokana na ndege. Kile kipande kinachounda sehemu ya juu ya virusi, ambayo kinga ya mwili huitambua kwanza, kilikuwa kitukuu wa 1918. Ndiyo maana wazee wengi walinusurika kuugua: utotoni mwao walikutana na jamaa za virusi hivyo, na miili yao ilikuwa bado inakumbuka. Vijana hawakuwa na kumbukumbu hiyo. Vifo vilivyothibitishwa maabara vilikuwa zaidi ya 18,000, lakini makadirio yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba katika mwaka wa kwanza pekee walikufa kati ya watu 151,700 na 575,400, asilimia 80 kati yao wakiwa chini ya umri wa miaka 65, na zaidi ya nusu wakiwa Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki. Sisi, ambao tulipima watu wachache kuliko wote, ndio tuliozika zaidi.

Wengi wanaifunga hadithi hapo: nguruwe wakatupa ugonjwa, basi. Lakini mara tu virusi hivyo vilipoenea kwa watu, vilianza kurudi bandani, safari hii tukivibeba sisi. Watafiti wa Marekani waliofuatilia vinasaba vya mafua ya nguruwe nchini mwao kati ya 2009 na 2021 walihesabu takriban mara 370 ambapo H1N1 hiyo ilitoka kwa mtu ikaingia kwa nguruwe. Mara 370, katika nchi moja, aina moja tu ya mafua. Miaka ambayo mafua yalisambaa zaidi kwa watu ndiyo iliyoingiza mengi zaidi kwa nguruwe. Kwingine nako H1N1 hiyohiyo imekutwa kwa nguruwe: kaskazini mwa Kameruni miongoni mwa nguruwe wanaozurura, na hapa jirani, Kenya. Nguruwe hao hawakupanda ndege kwenda Meksiko.

Na tunachokiweka kwao hakikai kimya. Mwaka 2012, kwenye maonyesho ya kilimo ya Marekani, hasa majimbo ya Indiana na Ohio, watu 309 waliambukizwa aina ya H3N2 ya nguruwe, wengi wao watoto waliokuwa wakiwasugua, kuwalisha na kulala karibu na wanyama wao wa mashindano. Mtu mmoja alifariki. Kwa nini watoto? Kwa sababu kipande cha juu cha virusi hivyo kilikuwa cha mafua ya binadamu ya miaka ya 1990 ambayo nguruwe walikuwa wamehifadhi. Watu wazima walikuwa na kinga kiasi kutokana na mafua yao ya zamani, mtoto wa miaka sita hakuwa nayo. Hapa ndipo ninapoona ukweli wa jambo hili kuliko mahali pengine popote: baba wa mtoto yule, au mtu kama baba yake, ndiye aliyeweka ugonjwa ule kwenye banda kabla mtoto hajazaliwa.

Zipo hoja za upande mwingine, na si zote nyepesi. Nyepesi kuliko zote ni ile ya kumaliza nguruwe. Misri iliijaribu. Mwishoni mwa Aprili 2009, kabla nchi hiyo haijapata mgonjwa hata mmoja, serikali iliamuru nguruwe wote wachinjwe, wapatao 300,000. Wafugaji wao walikuwa zaidi Wakristo wa Kikopti, wengi wao Zabbaleen, jamii ya wakusanya taka wa Cairo waliokuwa wakilisha nguruwe mabaki ya vyakula ya mji mzima. Mashirika ya kimataifa yalisema hatua hiyo haina msingi wa kisayansi. Mapema Juni mgonjwa wa kwanza alipatikana, na alikuwa msichana aliyetua kwa ndege akitoka Marekani. Mafua yalienea Misri kama yalivyoenea kwingine, bila nguruwe. Kilichobadilika ni kwamba familia maskini zilipoteza mtaji wao, na mabaki ya chakula ambayo nguruwe walikuwa wanayala yakaanza kuozea barabarani. Ukisikia mtu anapendekeza kwamba tufunge mabanda yote, mkumbushe mitaa ya Cairo ya mwaka huo.

Ndugu wa hoja hiyo ni ile inayosema, mimi sili nguruwe, hainihusu. Wasomaji wengi wa Kiswahili, kwa dini yao, hawali nyama hiyo wala hawamfugi mnyama huyo, na nimeisikia kauli hii ikisemwa kwa utulivu kabisa. Naiheshimu imani yao, lakini haiwezi kuwa kinga hapa. Mafua huingia kwa hewa, matone ya kikohozi na mikono iliyogusa pua, wala nyama iliyoiva vizuri haijawahi kuwa njia yake. H1N1 ilifika Kenya mwishoni mwa Juni 2009 na mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa safarini Kisumu. Ikishakuwa ya watu, haiulizi mtu amekula nini.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi. Inasema mabanda yetu ni madogo, nguruwe wawili, watano, kumi, wametawanyika, na virusi haviwezi kudumu katika kundi dogo namna hiyo. Ni kweli kwamba mafua hupenda mashamba makubwa yenye maelfu ya wanyama, ambako kila wiki kuna watoto wapya wasio na kinga. China, utafiti uliotangazwa mwaka 2020 ulikuta kwamba karibu mmoja kati ya kila wafanyakazi kumi wa mashamba ya nguruwe waliopimwa alikuwa na dalili katika damu za kuwahi kukutana na aina fulani ya mafua ya wanyama hao. Sisi hatujafika huko. Lakini banda dogo ni dogo kwenye picha tu. Nguruwe wa kwetu hasimami. Dume moja la mbegu linazungushwa kaya kwa kaya. Mchuuzi ananunua wawili hapa na mmoja pale, anawafunga miguu, anawapakia kwenye pikipiki au kirikuu, na jioni wote wako zizi moja kwenye machinjio wakipumuliana. Kuzunguka miji yetu mabanda yanakua haraka kwa sababu kitimoto ina soko. Na lile shamba la Oregon lililotisha dunia halikuwa kiwanda. Kuku na nguruwe walikuwa wanatumia maji na vifaa vilevile. Ukisoma maelezo hayo ukiwa Rungwe au Mbulu, unaona uani kwako.

Hoja nzito kuliko zote ni ya vipaumbele. Mfugaji anayeweza kupoteza kila kitu kwa homa ya nguruwe ya Afrika, na mtoto wake ana malaria, kwa nini umwambie habari za mafua yanayopona yenyewe? Na historia inampa sauti. Mwaka 1976 Marekani ilichanja zaidi ya watu milioni 40 kwa kuogopa mafua ya nguruwe yaliyozuka kwenye kambi ya jeshi ya Fort Dix, virusi havikutoka nje ya kambi, na chanjo yenyewe ikahusishwa na ongezeko dogo la ugonjwa wa kupooza. Maambukizi mengi yanayovuka kutoka kwa nguruwe huishia kwa mtu mmoja au wawili. Sipingi hata moja kati ya hayo, na sitaki tumpe mfugaji hofu mpya. Jibu langu ni kwamba hatuna haja ya kumwongezea mzigo, kwa sababu kinachozuia mafua ni kilekile kinachozuia homa ya nguruwe ya Afrika. Ile nayo huingia bandani kwa miguu ya watu: buti za mchuuzi aliyetoka kijiji chenye vifo, makombo ya hoteli yenye mabaki ya nyama, jirani aliyekuja kuchungulia. Mlango uliofungwa, buti zinazobaki bandani, ndoo ya maji na sabuni, wageni kukaa nje, kuku kutolewa kwenye banda la nguruwe. Kazi moja, magonjwa mawili. Bwana mifugo akifika kijijini kuzungumzia homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo wafugaji wanaiogopa na watamsikiliza, atumie dakika tano zaidi kusema: na mwenye mafua asiingie.

Kuna kinachobaki ambacho sabuni haikifikii. Novemba 2023 Uingereza ilitangaza mtu wa North Yorkshire aliyekuwa na H1N2 ya ukoo wa nguruwe. Aliugua kidogo tu, akapona. Walimjua kwa sababu alikwenda kwa daktari wa kawaida na kupimwa katika ufuatiliaji wa kila siku wa mafua. Kwetu mtu huyo angepewa panadoli na kurudi nyumbani. Tuna madawati ya Afya Moja, yaani watu wa afya ya binadamu, mifugo na wanyamapori kukaa meza moja, na ni jambo zuri. Lakini kwenye zahanati iliyo kilomita mbili kutoka machinjio ya nguruwe, hakuna anayemuuliza mgonjwa mwenye homa na kikohozi kama anafanya kazi na nguruwe, wala bwana mifugo aliyeitwa kuangalia nguruwe wanaokohoa haulizi nani nyumbani alikuwa na mafua wiki iliyopita. Maswali hayo mawili hayahitaji maabara mpya. Vipimo vikichukuliwa kwenye machinjio machache makubwa mara kwa mara, na wachinjaji na wafanyakazi wa mabanda wakawa wa kwanza kufikiriwa pale chanjo ya mafua ya msimu inapopatikana, tungeanza kujua tunachokihifadhi kwenye sanduku letu wenyewe.

Mwaka jana nilikaa siku kadhaa kwa dada mmoja anayefuga nguruwe nje kidogo ya mji. Kijana wake wa kazi alikuwa na mafua makali, macho mekundu, anapiga chafya huku amebeba ndoo ya pumba. Aliinama ndani ya banda, akamshika jike mmoja masikio kumsogeza, akajifuta pua kwa mkono uleule, akamshika mwingine. Baada ya siku chache nguruwe wanne walikuwa wanakohoa. Hakuna aliyepima, kwa hiyo siwezi kuapa ilikuwa nini. Wote walipona. Dada yule ni mtu makini. Tangu alipopoteza nguruwe wote kwa karantini ya miaka iliyopita, ana buti za bandani na ndoo ya sabuni mlangoni, na mchuuzi hapiti getini. Nilimuuliza kwa nini asimpumzishe kijana siku tatu nne mpaka apone. Akaniambia amempumzisha mara mbili, na mara zote alirudi siku ya pili yake akiwa bado mgonjwa, kwa kuwa analipwa kwa siku.